Tuwasomeshe Waganga na Wauguzi Wetu

Maneno yaliyonenwa Miono katika siku za Jubilei



Jubilei ni siku ya shukrani, na shukrani isiyo na tendo ni kama ngoma isiyo na ngozi. Tumekwisha kuimba, tumekwisha kula. Sasa twaomba masikio yenu kwa neno moja tu: tuwasaidie vijana wetu na vyuo viwafundishavyo kazi ya kuuguza na kutibu.

Neno hili si geni katika pwani yetu. Mapadre na masista wa kwanza walipofika Unguja mwaka 1860, wakitoka kisiwa cha Réunion, hospitali ilikuwa mojawapo ya kazi zao za kwanza. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu wakavuka bahari hata Bagamoyo, na mwaka 1881 wakafika Mandera, jirani zetu. Basi tangu mwanzo neno na dawa vilisafiri pamoja.

Lakini mfano tuupendao zaidi haukutoka kwa mapadre, wala haukutoka kwa Mkristo. Palikuwa na tajiri Mhindi pale Bagamoyo, jina lake Sewa Haji Paroo, aliyewapa wasafiri wa bara bidhaa na wapagazi. Mtu huyu alitoa nyumba ya shule Bagamoyo, kwa sharti la kupokea watoto wa kila taifa. Akatoa tena fedha ya kujengea hospitali Dar es Salaam. Alikufa mwaka 1897, na mwaka huo huo ndio unaohesabiwa kuwa mwanzo wa hospitali ile, ambayo kwa miaka mingi iliitwa kwa jina lake. Mzizi ule ndio uliozaa Muhimbili. Mwaka 1963 ikaanzishwa shule ya uganga Dar es Salaam; mwaka 1968 ikawa kitivo cha Chuo Kikuu; na tangu mwaka 2007 ni chuo kikuu chenye kusimama peke yake. Angalieni, ndugu, mwendo wa sadaka moja! Mtoaji hakuuona mti, alipanda mbegu tu. Nasi leo, tukipata mgonjwa mzito, twamtafutia njia ya kufika Muhimbili.

Wako wanenao: “Tujengeeni zahanati, mengine yatakuja.” Zahanati ni njema, wala hatuikatai. Mwaka 2007 Serikali ilianza mpango wa kuweka zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata, na watu wengi wakabeba mawe na mchanga kwa mikono yao. Lakini ukuta haushiki mshipa wa mgonjwa, wala bati halizalishi mama usiku wa masika, njia zikiwa tope. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, madaktari wananchi wa Tanganyika walihesabiwa kuwa 12 tu. Nyumba ya zahanati yaweza kukamilika kwa miezi michache. Muuguzi wa diploma hufundishwa miaka mitatu. Daktari husoma miaka mitano, kisha hufanya kazi mwaka mmoja chini ya macho ya wakubwa wake. Asiyepanda leo hatavuna kesho wala kesho kutwa.

Tena chuo cha afya hakifanani na shule nyingine. Mwalimu wa hesabu aweza kufundisha watoto wengi kwa ubao na chaki. Lakini anayejifunza kuchoma sindano, kufunga jeraha au kupokea mtoto mchanga, sharti asimamiwe mkono kwa mkono, maana akikosea yeye, anayeumia ni mwingine. Yahitajika hospitali ya kufanyia mazoezi, dawa, vyombo, vitanda, na walimu wengi kwa wanafunzi wachache. Ndiyo sababu ada yake ni nzito, na ndiyo sababu mtoto wa mkulima hurudi nyumbani na barua ya kupokewa chuoni, akaiweka sandukuni, asiende.

Tuangalie waliotutangulia. Daktari Leader Stirling, Mwingereza, alifika nchi hii mwaka 1935, akafanya kazi Lulindi katika nchi ya Masasi. Hakungoja majumba makubwa. Aliwafundisha vijana wa pale pale uuguzi, na baadaye, tangu 1975 hata 1980, akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Huko Ifakara, mwaka 1961, wenye viwanda vya dawa wa mji wa Basel, Uswisi, walisaidia kuanzisha kituo cha kufundishia wasaidizi wa waganga, ambacho baadaye kilipita mikononi mwa Serikali. Twawashukuru wageni hao. Lakini mgeni huja akaondoka, na mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Twajua pia shaka zenu. Ya kwanza: “Tukimsomesha, atakwenda mjini asirudi.” Shaka hii ni ya haki. Shirika la Afya la Ulimwengu, katika mwongozo wake wa mwaka 2010, lilishauri wachaguliwe wanafunzi waliokulia shamba, kwani hao ndio wenye kuelekea zaidi kurudi kufanya kazi shamba. Basi tuwachague wetu, wavulana kwa wasichana, nasi tuwawekee nyumba ya kukaa. Ya pili: “Fedha italiwa.” Basi hesabu isomwe mbele ya watu wote kila miezi mitatu, na watunza sanduku wawe wa dini zote, kwa maana homa haiulizi mtu anasali wapi.

Tena msiogope udogo wa kitu. Tuseme nyumba 300 zatoa shilingi 1,000 kila mwezi: kwa mwezi ni shilingi 300,000, na kwa mwaka ni shilingi 3,600,000. Asiye na fedha atoe debe la mahindi au ufuta wakati wa mavuno. Haba na haba hujaza kibaba.

Basi twawaomba mambo matatu. Kabla ya kutawanyika leo, chagueni watu saba wa kutunza sanduku hili. Kabla ya mavuno, walimu watuletee majina ya vijana wenye bidii katika elimu ya viumbe na kemia, ambao umaskini umewazuia. Na kabla ya Jubilei nyingine, awepo mtoto wa Miono aliyevaa nguo nyeupe, awaamkie wagonjwa wake “Shikamoo, mama,” akiwajua kwa majina.

Mungu awabariki watoao na wapokeao.