Mwanga wa Buluu Kabla ya Upasuaji wa Bega

Bakteria anayewasumbua zaidi madaktari wa upasuaji wa bega ni Cutibacterium acnes, yuleyule anayehusishwa na chunusi. Makao yake ni mashina ya vinyweleo na tezi za mafuta, ambazo zimejaa usoni, mgongoni na mabegani. Wanaume kwa kawaida huwa naye kwa wingi kuliko wanawake. Akiwa kwenye ngozi nzima, hana neno. Shida huanza kisu kinapozikata tezi hizo: bakteria huingia ndani ya jeraha, na mgonjwa akiwa anawekewa kiungo bandia, hung'ang'ania chuma chake na kujijengea utando ambao antibiotiki huupenya kwa taabu.

Maambukizi yake ni ya kichinichini. Mara nyingi hakuna homa wala usaha. Mgonjwa hulalamika tu kwamba bega linauma au limekakamaa, pengine miezi au miaka baada ya kupasuliwa. Maabarani nako kunahitajika subira: sampuli huoteshwa kwa takriban siku 14, maana bakteria huyu hukua polepole na hapendi oksijeni.

Kabla ya upasuaji, ngozi hupakwa klorheksidini. Dawa hiyo husafisha vizuri juu, lakini ndani ya tezi haifiki. Ndiyo maana baadhi ya madaktari huwapa wagonjwa jeli ya benzoili peroksidi ya asilimia 5, dawa ya kawaida ya chunusi, waipake begani siku chache kabla.

Mwanga wa buluu, njia nyingine ya kumpunguza bakteria huyu kabla ya upasuaji, hufanya kazi kwa namna tofauti kabisa. Bakteria huyu hutengeneza kemikali ziitwazo pofirini. Ngozi ikimulikwa gizani kwa taa ya kuchunguzia ngozi iitwayo taa ya Wood, vitundu vya vinyweleo hung'aa rangi ya chungwa kwa sababu ya kemikali hizo. Pofirini hufyonza hasa mwanga wa buluu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 415 hivi. Zikishaufyonza, huichangamsha oksijeni iliyo jirani, nayo huwa kali kiasi cha kuiharibu seli ya bakteria. Kwake, kikulacho ki nguoni mwake hasa. Mwanga huu unaonekana kwa macho, si ule wa urujuanimno unaobabua ngozi, na bakteria sugu kwa antibiotiki naye haponi.

Kikwazo ni kina. Mwanga wa buluu hufifia kabla ya kuzama milimita moja, ilhali tezi nyingi zimejificha chini zaidi. Mwanga mwekundu, wa nanomita 630 hivi, huzama zaidi, ila pofirini huufyonza kidogo. Njia mojawapo ya kuziba pengo hilo ni kupaka kwanza asidi ya aminolevuliniki, ambayo huongeza pofirini. Lakini huziongeza pia kwenye seli za ngozi yenyewe: mgonjwa husikia moto wakati wa kumulikwa, na baadaye hutakiwa kuikinga sehemu hiyo na jua kwa saa 48 hivi.

Tena, bakteria kupungua kwenye ngozi si sawa na maambukizi kupungua. Maambukizi ya bega bandia hutokea kwa wagonjwa wachache, hivyo kuyapima kwa uhakika kunahitaji wagonjwa wengi mno, na kwa sasa mwanga haujachukua nafasi ya klorheksidini wala ya antibiotiki anayodungwa mgonjwa kabla ya kisu.