Murti za Mti: Bidhaa, Takataka au Amana?

Hotuba iliyotolewa katika sherehe za maadhimisho ya hekalu letu



Tumeombwa tuseme machache juu ya murti za kale za mti. Jambo hili linagusa nyumba zetu. Wazee wetu waliovuka bahari kutoka Kachchh na Kathiawar walikuja na imani yao, na zimo nyumba ambazo hadi leo zina kihekalu cha mbao na murti ndogo ndani yake, nyeusi kwa moshi wa taa na laini kwa kuguswa. Leo wazee wametangulia, nyumba zinauzwa, watoto wanahamia ng'ambo, na wanunuzi wa vitu vya kale wanabisha hodi. Basi swali ni hili: murti ya mti iliyochakaa ni bidhaa, ni takataka, au ni amana?

Tutazame kwanza Puri, katika jimbo la Odisha, mashariki mwa India. Katika hekalu kuu la huko Bwana Jagannath, kaka yake Balabhadra, dada yao Subhadra, pamoja na Sudarshana, wote ni wa mti. Wana macho makubwa ya duara na miili isiyochongwa kwa urembo mwingi, nao ni wapenzi wa mamilioni ya watu. Mti wenyewe mnaujua nyote: ni mwarobaini, ule ule ulioletwa huku kwetu kutoka India, ukapewa jina la maradhi arobaini.

Lakini mti haudumu milele, na watu wa Puri hawajifanyi kuwa unadumu. Kila mwezi wa Ashadha unaporudiwa katika kalenda, jambo ambalo kwa kawaida hutokea baada ya miaka 8, 12 au 19, hufanyika ibada ya Nabakalebara, yaani mwili mpya. Katika karne iliyopita ilifanyika mwaka 1912, 1931, 1950, 1969, 1977 na 1996. Ya karibuni ni ya mwaka 2015. Watumishi waitwao daitapati hutoka kwa miguu kuitafuta miti minne. Si kila mwarobaini unaofaa. Hutazamwa alama za gurudumu na za kombe la baharini juu ya gome. Hutazamwa kama mti u karibu na maji, na karibu na mahali pa kuchomea maiti. Hutazamwa kama ndege wamejenga kiota. Miti ikipatikana huombewa, hukatwa, na hukokotwa kwa magari ya mbao hadi Puri.

Murti mpya zikiisha kuchongwa, usiku wa giza mzee wa daitapati, amefungwa macho na mikono yake imeviringishwa nguo, hutoa kiini kitakatifu katika mwili wa zamani na kukitia katika mpya. Kisha miili ya zamani huzikwa ndani ya ua wa hekalu, mahali paitwapo Koili Baikuntha, nao daitapati hukaa matanga kama watu waliofiwa na ndugu.

Sasa tushuke pwani ya magharibi, nchi ya Tulunadu katika jimbo la Karnataka. Huko wanakijiji huwaheshimu bhuta, walinzi wa ardhi na wa haki. Murti zao, nyingi zikiwa za mti wa mfenesi, huwa kubwa: wapanda farasi, mashujaa, simbamarara, na Panjurli mwenye sura ya nguruwe mwitu. Katika kijiji cha Mekkekattu, karibu na Udupi, murti za kale zilipochakaa wenyeji walichonga mpya; na nyingi za zile za kale sasa zimo katika Jumba la Makumbusho la Sanaa za Mikono huko Delhi. Zimeokoka na mchwa na mvua, na wageni wanazistaajabia. Hata hivyo, hakuna tena anayeziwashia taa.

Puri walizika, Mekkekattu waliacha ziende, wakabaki na mpya. Njia hizi ni mbili, ila zina jambo moja: mahali pote pawili ibada haikukatika, na jamii ilijua murti zake zimekwenda wapi. Hilo ndilo tunaloogopa kulipoteza. Murti ikiuzwa mlangoni kimya kimya, huondoka bila jina la mchongaji, bila kijiji, bila jina la bibi aliyeisalia. Hubaki pambo la sebule ya mtu asiyejua ni nani aliyemnunua. India yenyewe, kwa sheria ya mwaka 1972, imekataza watu binafsi kusafirisha nje sanaa za kale zilizotimiza miaka 100.

Hatumlaumu mwenye shida aliyeuza. Haja ya fedha ni haja ya kweli. Tunaomba tu mambo matatu. Kwanza, ulizeni wazee wangali hai, mkaandike habari za murti mlizo nazo na kuzipiga picha. Pili, msizipake rangi ya mafuta wala vanishi ili zing'ae. Zifuteni kwa kitambaa laini kikavu, ziwekeni mbali na ukuta wenye unyevu na moto wa taa, na mzikague mara kwa mara kwa ajili ya mchwa. Tatu, ikiwa nyumba haiwezi tena kuzitunza, msizitupe wala msiziuze kabla ya kuja kushauriana na kuhani. Iliyovunjika itaagwa kwa ibada yake. Iliyo nzima itatafutiwa mahali, pamoja na habari zake.

Nanyi majirani zetu, mnaojua thamani ya mlango wa kale uliochongwa, bila shaka mnatuelewa. Mafundi wa Kigujarati wameacha kazi yao katika milango ya Unguja, na ninyi mmeitunza kama yenu. Mti hukubali mkono wa kila fundi, na huwakumbuka wote.

 Mungu aijalie jamii yetu na mitaa yetu amani.