Daftari la Mama Nalo ni Utafiti
(Hotuba iliyotolewa siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi)



Nimeombwa niseme machache juu ya wanawake na utafiti. Najua neno lenyewe linachosha. Kwetu mtafiti ni mtu mwenye karatasi: anauliza mnakula mara ngapi, anaandika, anaondoka, humwoni tena. Mimi leo nina habari ya daftari.

Mwaka 1909 kikundi cha wanawake wa Chama cha Fabian, huko London, kilianza kutembelea nyumba za mtaa wa Lambeth. Walikuwamo Maud Pember Reeves na Daktari Ethel Bentham. Familia zile hazikuwa za ombaomba. Baba alikuwa na kazi, shilingi 18 hadi 30 kwa wiki. Lakini watoto walikuwa wakifa, na wakubwa wengi walikuwa na jibu tayari: mama zao wajinga, wanatapanya pesa.

Akina Reeves walikwenda kila wiki, mpaka 1913. Mama mjamzito alipewa shilingi 5 kwa wiki za chakula, hadi mtoto atimize mwaka, naye aliombwa aandike matumizi yake yote. Asiyejua kuandika alisaidiwa na mumewe au mtoto.

Basi daftari likasema. Kodi ilikula kama theluthi ya pesa. Makaa, sabuni. Halafu bima ya maziko, peni moja kwa kila mtoto, kila wiki. Mabwana wakashangaa: si bora anunue maziwa? Lakini mtoto akifa bila bima, ni kukopa na kulipa kwa miezi, au azikwe kifukara. Hapa ukumbini sidhani yupo anayehitaji kuelezwa zaidi. Kilichobaki ndicho chakula, na nyama alikula baba, maana akianguka yeye wote wamelala njaa. Mama na watoto, mkate. Sasa huo utapanyaji uko wapi? Kitabu cha Reeves kilitoka 1913, na hesabu zao zimo, peni kwa peni.

Kule Chicago, mwaka 1895, Florence Kelley na wenzake wa Hull-House walikwisha kuchapisha ramani za mtaa wao, zenye rangi kuonyesha kila nyumba inapata kiasi gani kwa wiki. Hata hivyo, wanaosifiwa zaidi kwa kuuchunguza mji ule ni wanaume wa chuo kikuu waliokuja baadaye. Kelley na Jane Addams wakaitwa watu wa huruma. Jamani, kuhesabu ni kuhesabu!

Na wale mama wa Lambeth je, walioshika kalamu usiku, watoto wamelala? Majina yao halisi hayakuchapishwa kabisa.

Nimesikia kabati letu limejaa, na kuna wazo la kuchoma madaftari ya zamani. Nawaombeni, tusichome. Mle mna nani alikopa kwa ada, nani kwa matibabu, nani kwa msiba, na deni lililipwa kwa muda gani. Mtafiti akija, asome hapahapa, majina ya watu yafunikwe, na alichoandika atuletee tukisikie kabla hajakipeleka kokote. Mama Mweka Hazina, sanduku la bati nitanunua mimi.