Jina la Mtu Nalo Lina Thamani
(Hotuba kwa wanachama, Mwadui)



Hapa Mwadui hakuna haja ya kumweleza mtu maana ya uzio. Tangu Dr. Williamson alipoipata almasi mwaka 1940, jiwe dogo kuliko punje ya mahindi limelindwa kwa seng'enge, kwa askari na kwa upekuzi wa mlangoni. Basi twauliza: mbona jina la mtu, alama za vidole vyake na deni lake havina hata mlango?

Wazee wetu wa Usukuma waliokwenda Tanga kukata mkonge waliitwa manamba, maana mtu aliacha jina lake nyumbani akapewa namba. Kipande chake kilihesabu siku zake 30 za kazi. Lakini kipande kile alikishika mkononi, akakiona. Cha leo hakionekani. Tuliweka vidole kwa ajili ya kitambulisho cha Taifa, tukaviweka tena kusajili laini za simu, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa.

Hatukatai kuandikwa. Bwawa la tope la mgodi lilipopasuka tarehe 7 Novemba 2022, tope likaingia katika makazi na mashamba ya Ng'wang'holo na Nyenze, nani angelipwa fidia bila kuandikwa? Tunalouliza ni jingine. Daftari likishaandikwa, linakaa kwa nani? Nani mwingine analisoma?

Itazameni mikopo ya simu. Mtu anakopa shilingi elfu hamsini za sare ya mtoto. Anabonyeza "nakubali", na hapo hapo majina yote yaliyomo katika simu yake yamechukuliwa. Akichelewa siku mbili, mama mkwe anapata ujumbe kwamba mkwewe ni tapeli. Bosi wake naye anapata, na fundi baiskeli pia. Mama mkwe hakukopa kitu, ndugu zetu! Ni aibu gani hiyo ya kumpelekea mkwe? Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa 69 ya mikopo ya namna hii yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Hatua ile tuliipokea kwa furaha, ila majina yaliyokwisha kuchukuliwa hayakurudi.

Sheria tunayo. Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mwananchi ana haki ya kuambiwa taarifa zake zachukuliwa kwa kazi gani, kuziona, kutaka zisahihishwe, kukataa zisitumiwe kwa matangazo ya biashara, na kudai fidia akidhurika. Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024, nayo yaweza kutoza faini hadi shilingi milioni 100.

Wangapi kati yetu tulio hapa tumekwisha kuidai haki hata moja? Mwaka 2023 wenzetu wa Nairobi walipanga foleni kupigwa picha za mboni za macho ili wapate fedha kidogo. Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru picha zile zifutwe. Iliamuru kwa sababu walikuwako watu waliokwenda kushtaki.

Kwa hiyo twataka kila mwenye daftari, awe mgodi, zahanati au wakala wa fedha, abandike ukutani, kwa Kiswahili cha kueleweka, anachukua nini na kwa nini. Na Tume isingoje barua. Mchimbaji mdogo hana kompyuta, na mwingine hajui kuandika. Waje Kishapu, waje Maganzo siku ya gulio, waweke meza, wasikilize malalamiko kwa mdomo na kuyaandika wao wenyewe, kisha wampe mlalamikaji nakala aende nayo nyumbani.