Shively: Tahadhari na Onyo

Shively ni mji mdogo jirani na Louisville, jimboni Kentucky, Marekani, eneo walikohamia wakimbizi wengi kutoka Kongo na Burundi. Majira ya kuchipua huja na hatari ya tonado. Tarehe 3 Aprili 1974 kimbunga hicho kiliharibu mamia ya nyumba mjini Louisville.

Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa hutoa matangazo mawili yasiyofanana. Tahadhari, kwa Kiingereza “watch”, maana yake hali ya anga yaweza kuzaa tonado: jiandae. Onyo, yaani “warning”, maana yake tonado imeonekana kwa macho au kwa rada. Hapo usitoke nje kutazama. Shuka ghorofa ya chini kabisa, uingie chumba cha ndani kisicho na dirisha.