Idadi ya Marejeleo Inapima Nini? Kutoka Sumaku za Molekuli hadi Maji ya Kigoma

Mwaka 1888 mkemia wa Budapest, Lajos Winkler, alichapisha njia ya kupima oksijeni iliyoyeyuka majini. Chupa hujazwa maji hadi juu bila kuacha kiputo cha hewa, kisha hutiwa chumvi ya manganizi na dawa kali ya alkali yenye iodidi. Oksijeni ikiwemo, mashapo ya kahawia huanza kushuka polepole. Isipokuwemo, mashapo hubaki meupe. Baadaye hutiwa asidi, maji yakageuka manjano kwa sababu ya iodini, na mpimaji hudondosha dawa nyingine tone kwa tone hadi rangi iishe. Kiasi cha dawa kilichotumika ndicho kinachoeleza oksijeni ilikuwa kiasi gani.

Kwa mkazi wa Rusimbi, mjini Kigoma, jambo hili liko karibu sana. Maji yaliyochotwa mita 10 chini ya uso wa Ziwa Tanganyika, nje ya Kigoma, yatatoa mashapo ya kahawia. Ya mita 300 yatatoa meupe. Ziwa lina kina cha mita 1,470 hivi, lakini dagaa na migebuka wanaishi katika tabaka la juu tu, kule kwenye hewa ya kuvuta.

Njia ya Winkler imefundishwa vizazi na vizazi, na wengi walioitumia hawakuwahi kuitaja makala yake. Mwanasosholojia wa Marekani Robert Merton alilieleza jambo hili: ugunduzi ukishazoeleka, watu huacha kumtaja aliyeugundua. Ndiyo maana mhadhara huu unahoji kitu ambacho vyuo vikuu vyetu vinakitegemea zaidi kila mwaka: idadi ya marejeleo inapima nini hasa?

Kuhesabu huko kulipata chombo chake mwaka 1964, pale Eugene Garfield alipoanza kuchapisha faharasa ya marejeleo ya kisayansi. Shabaha yake ya awali ilikuwa kumsaidia msomaji afuatilie wazo kutoka makala moja hadi nyingine. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch, wa Chuo Kikuu cha California mjini San Diego, alipendekeza kipimo kinachojulikana kama h. Mwenye makala 10 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 10 ana h ya 10. Mwenye makala moja tu ana h ya 1, hata kama imerejelewa mara 1,000.

Sasa itazamwe historia ya sumaku za molekuli, uwanja ambao umezaa makala zinazorejelewa sana katika kemia. Mwaka 1980 Tadeusz Lis wa Wrocław, Poland, alichapisha katika jarida la wataalamu wa fuwele muundo wa molekuli yenye atomi 12 za manganizi. Aliitengeneza kwa kuchanganya asetati ya manganizi na pamanganeti ndani ya asidi asetiki, asidi ile ile iliyomo katika siki. Miaka 13 baadaye, mwaka 1993, Roberta Sessoli, Dante Gatteschi na wenzao walionyesha katika jarida la Nature kwamba molekuli hiyo, ikipozwa hadi karibu nyuzi −271 za Selsiasi, huweza kushika usumaku wake kwa takribani miezi miwili. Kila molekuli ilikuwa sumaku inayojitegemea. Uwanja mzima wa utafiti ukafunguka. Mwaka 2018 kundi la Richard Layfield lilitangaza katika Science molekuli yenye disprosi inayotunza kumbukumbu ya usumaku hadi nyuzi −193.

Kamati ambayo ingehesabu marejeleo ya Lis mwaka 1985 isingeweza kuona yajayo. Kilichokuwepo mezani kilikuwa kazi yenyewe: molekuli ngeni, iliyopimwa kwa uangalifu.

Ziwa Tanganyika nalo lina kisa chake. Mwaka 2003 makala mbili zilitikisa elimu ya maziwa ya ukanda wa joto. Katika Science, Piet Verburg na wenzake wawili walionyesha kwamba ziwa limepata joto, wakilinganisha vipimo vipya na vile alivyochukua Mbelgiji Louis Stappers takribani miaka 90 kabla. Katika Nature, Catherine O'Reilly na wenzake wanne walikadiria kwamba uzalishaji wa chakula cha msingi ziwani ulikuwa umepungua kwa takribani asilimia 20, upungufu unaoweza kumaanisha samaki pungufu kwa asilimia 30 hivi.

Waandishi wanane, na hakuna Mtanzania hata mmoja. Ilhali tangu 1993 mradi wa utafiti wa FAO uliofadhiliwa na Finland ulikuwa ukichukua vipimo vya mara kwa mara Bujumbura, Kigoma na Mpulungu, na vipimo hivyo havichukuliwi bila nahodha, mpima maji na fundi wa maabara wa pale pale. Stappers walau jina lake limebaki katika jina la kisayansi la migebuka, Lates stappersii. Mwaka 2007 Ismael Kimirei na Yunus Mgaya walichapisha, katika jarida la Afrika la sayansi ya maji, uchunguzi wa jinsi mazingira yanavyoathiri upatikanaji wa dagaa eneo la Kigoma. Mvuvi wa Ujiji anaihitaji kazi hiyo zaidi kuliko msomaji wa London.

Mwaka 2022 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilitangaza tuzo ya shilingi milioni 50 kwa watafiti wanaochapisha katika majarida makubwa ya kimataifa. Ni heshima inayostahili. Lakini kamati za kupandisha vyeo zina kazi ya ziada: kusoma makala zenyewe, kuuliza nani alizitumia hata bila kuzitaja, na kuthamini takwimu za muda mrefu kama chapisho kamili. Vituo kama cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) Kigoma navyo vichapishe vipimo vyao vikiwa na majina ya wote waliovichukua, kuanzia aliyeshusha chupa majini, ili atakayevitumia awe na mtu wa kumrejelea.