Saa 9 za hesabu, saa 20 za njia

(Maneno yaliyosemwa mu mkutano wa wanachama, Lubumbashi)



Kuna swali limetufikia, na ni swali la haki: "Toka Bruxelles mpaka Lubumbashi ndeke inakamata saa 9. Sasa juu ya nini mu hesabu ya mapokezi munaandika chakula, kitanda na motokari ya kungoja?" Tutajibu wazi, maana kosa la kwanza lilikuwa letu.

Ukivuta mustari mumoja toka Zaventem mpaka Luano, ni kilometa 7.300 hivi. Ndeke kubwa inakimbia karibu kilometa 850 kwa saa. Ukigawa, unapata saa 9 kasoro kidogo. Lakini mama tuliyemungojea mu Januari hakupita mu mustari ule. Alipita Addis Abeba: kilometa 5.600 hivi, kisha 2.600 zingine. Jumla 8.200. Alikuwa hewani saa 11 na nusu, na katikati aliketi saa 3 na nusu pamoja na watoto wake wawili mu kiwanja cha Bole.

Na sisi tulifanya nini? Tulijua paka ndeke inaruka saa 21. Tukaongeza 9, tukasema: saa 6 ya asubui tuko Luano. Tulisahau pia kama wakati wa baridi Bruxelles iko nyuma yetu kwa saa moja. Tulingoja mpaka saa 9. Motokari ya kukodi ikarudi, maana makuta yake ilikuwa imeisha. Sisi pia tukarudi. Mama akatoka na valizi zake saa 14, hakukuta mutu. Toka alipofunga mulango wa nyumba kule, zilikuwa saa 20. Akatuambia neno moja tu: "Nilizania munajua njia, maana nanyi muliipita."

Ni kweli. Wengi wetu hapa tulirudi kwa njia ileile, na tulikuwa tumesahau.

Njo maana tumebadilisha kazi. Kwanza, hatupigi tena hesabu ya kilometa. Tunaomba picha ya tike: saa ya kufika inayoandikwa pale ni saa ya hapa kwetu, si ya Ulaya. Pili, motokari inalipwa nusu siku nzima. Tatu, mwenye kuendelea mpaka Kolwezi, kilometa 300 hivi za barabara, anakula, analala, anaenda asubui. Hasafiri usiku na watoto wamechoka.

Chakula na kitanda munachoona mu hesabu ni hicho. Wafazili, tunaomba musikikate. Wanachama, muchango wa mwezi musiuache.

Jamaa ingine inafika mwezi ujao. Tunatafuta watu wawili wa kuwa Luano mbele ndeke haijatua. Mwenye nafasi ajiandikishe leo kwa mwandishi.